Pikipiki ya Mzee Shekalaghe

Sogeeni. Kesi hii imenishinda mimi, na imemshinda hata mwenye pikipiki. Labda leo nimepata mahakimu.

Huko Lushoto yuko bwana shamba mstaafu, Mzee Shekalaghe, mwenye watoto watatu. Hiza ni fundi saa, mkono wake haujui haraka. Nakiete ni mwalimu wa awali. Akipokea watoto sitini asubuhi, mchana anawaita wote kwa majina. Mbelwa hupiga tarumbeta kanisani, na sikio lake hudaka kosa ambalo wenzake wote wamelipita.

Mzee ana pikipiki kuukuu aliyozungukia mashamba ya milimani ujana wake wote. Giaboksi ilikwama, na kwa miaka ishirini kuku wametagia kwenye kiti chake. Watoto wote watatu wanaitaka. Mzee akawaambia, "Siuzi, wala sigawi vipande. Atakayezifanya gia zote nne ziingie bila kuruka, ni yake."

Akaanza Hiza. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu kiasi kwamba fundi mmoja alishauri zikatwe. Hiza alizilowesha mafuta ya taa siku nne, akawa anagusa spana kidogo, anaacha. Siku ya tano zikaachia, haikuvunjika hata moja. Akatoa gia, akazipanga kwa mfuatano kwenye ungo, akaingia ndani kula.

Ungo ulikuwa wa mama yao, na hakuna aliyemwomba. Mama alipotaka kupepeta maharage, vyuma vyote akavimwaga kwenye karai. Hiza alipotoka alikaa chini, akashika kichwa.

Ikawa zamu ya Nakiete. Yeye alikuwa amepita pale mara moja tu, gia zikiwa bado kwenye ungo, na ndoo ya maji kichwani, akatupa jicho.

"Lete karai," akasema.

Akapanga kipande kimoja kimoja, kama anayeita mahudhurio. Mwisho akasimama. "Kuna mtoro. Wosha moja nyembamba, kile kipete cha chuma, ilikaa nyuma ya gia ya pili."

Wakapekua uwanja mzima. Mama, akichagua maharage yake, akaiokota humo na kuwarushia.

Giaboksi ikafungwa, injini ikanguruma, lakini kila walipopanda mlima gia ya pili iliruka. Sasa ikawa kazi ya Mbelwa. Hiza aliendesha, Mbelwa akasimama kando ya njia amefumba macho.

"Fimbo ya gia haifiki mwisho," akasema. "Bado kidogo."

Akazungusha nati ya fimbo, wakajaribu, akazungusha tena. Mara ya kumi gia zote nne zikaingia, na Mzee akatokwa na machozi mbele ya watu.

Akachomoa ufunguo. Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Bila mimi isingefunguka, Baba."

"Bila mimi lingebaki karai la vyuma."

"Bila mimi ingewarudisha nyuma hadi bondeni."

Mama akasema kutoka jikoni, "Na ungo ni wa nani? Wosha kaiona nani? Kiti cha nyuma cha pikipiki hiyo nimekikalia mimi, ninyi hamjazaliwa."

Mzee akaurudisha ufunguo mfukoni, na haujatoka hadi leo. Jana nilipita pale nikaona kuku mmoja amerudi kitini. Basi amueni upesi: ungekuwa wewe, ufunguo ungempa nani?