Dungu Katika Jumba la Karamu

Hapo zamani palikuwa na Sultani aitwaye Mwinyikai, na maradhi yake yalikuwa kujenga. Kila mwaka aliusogeza mbele ukuta wa mji wake, ukameza mihogo, ukameza mitama, na wapambe wakampigia makofi, "Mji unakua, Bwana!" Ulikua kweli, kama tumbo la mlafi, na waliokuwa wakilishibisha wakabaki na njaa.

Basi mwaka mmoja ukuta ukafika bonde la mpunga la Bi Mwanasiti, mjane mwenye mkono mkunjufu. Chande, fukara asiye na shamba, ndiye aliyemwamia ndege wasile mpunga, akikaa juu ya dungu la miti, na kapu la kwanza la mavuno alipewa yeye. "Kula, mwanangu, usione haya," mjane humwambia. Bonde likafukiwa, juu yake likasimamishwa jumba la karamu.

Mavuno yalipowadia, Sultani akanena, "Shamba lile huniletea pishi mia. Nazitaka zilezile. Zikikosekana, mjane auhame mji."

Chande akamkuta Bi Mwanasiti anakunja mkeka wake ahame. Akamsaidia kuukunjua tena, kisha akaenda barazani kwa Sultani.

"Ewe fukara, wataka nini?"

"Bwana wangu, naomba ruhusa tu. Kazi zote za shamba nizifanye palepale pa siku zote, mtu asinizuie."

Sultani akacheka hata kilemba kikalegea. "Fanya, mpumbavu wee! Kadhi, mwandikie."

Siku ya karamu wageni wa nchi jirani waliketi, sinia za wali zikifuka moshi. Chande akaingia na miti begani, akajenga dungu katikati ya ukumbi, kama lile la shambani, akapanda juu na kombeo lake na kapu la madonge ya udongo. Mgeni wa kwanza akanyoosha mkono. Pwaa! Donge likatua siniani.

"Swaa! Tokeni, walafi!" Chande akapiga ukelele. "Lahaula, mwaka huu ndege wamevaa vilemba!"

"Mkamateni mwendawazimu huyo!" Sultani akanguruma.

Kadhi akakohoa. "Bwana, ana hati yako."

"Waamia nini humu, punguani wee? Wapi umeona mpunga ukaota sakafuni?"

Chande akashusha kombeo. "Mimi sijauona, Bwana wangu. Nilidhani wewe umeuona, ndipo ukadai pishi mia."

Mgeni mmoja akachekea puani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wapambe walijificha nyuma ya mikono ya kanzu zao wakicheka. Sultani akautazama wali wake uliojaa udongo. Ulikuwa wa mavuno ya mwisho ya bonde lile.

"Shuka," akanena taratibu. "Omba utakalo."

"Bonde la mama yangu, Bwana."

Basi jumba likabomolewa. Mpunga wa kwanza uliota kwa taabu kati ya vipande vya chokaa, na Bi Mwanasiti akawapelekea waashi kapu zima, maana walibomoa juani bila hata maji ya kunywa. Na Sultani Mwinyikai, hata alipozeeka, hakutia tonge kinywani kabla ya kutazama juu.