Wali wa Bi Kidawa

"Wali wa mama hauungui." Naona mnatazamana, na huyo anayecheka anadhani nimesahau moto unavyofanya kazi. Sikusahau, nimeunguza vingi kuliko mlivyokula. Tulieni, maana methali hii ina nyumba ilikozaliwa, nayo ni nyumba ya mzee Mbaruku.

Mzee huyo alifiwa na mkewe, Bi Kidawa, baada ya kuishi naye miaka arobaini na mmoja. Matanga yalipoanuliwa na watu kurudi makwao, bintiye Saumu akabaki kumtunza. Saumu hakuwa mpishi wa kubahatisha. Harusi za vijiji vitatu zilimngoja yeye ndipo zipangiwe siku. Lakini kila adhuhuri mzee alikula matonge mawili, akaisogeza sahani, akasema kwa upole kuwa wali ni mzuri, ila si wa mama yao.

Siku zikaenda. Kikoi kilichokuwa kikimzunguka mara moja kikawa kinamzunguka mara mbili. Saumu akaogopa: alikuwa ametoka kuzika mzazi mmoja, na huyu wa pili anamwishia machoni. Akaacha mambo yake yote, akashika kazi moja, kuutafuta wali wa mama. Akabadilisha mchele. Akaongeza tui, akapunguza tui. Akawauliza shangazi zake siri ya marehemu. Wa kwanza akasema ni iliki. Wa pili akaapa hapakuwa na iliki, ni maji ya kisima cha juu. Wa tatu, ambaye hakupenda kushindwa, akasema Bi Kidawa alikuwa akipika pekupeku. Saumu akapika pekupeku, akakanyaga kaa la moto, akachechemea siku tatu. Mzee akala matonge mawili.

Siku moja, wali ulipokaribia kukauka, Saumu akaupalia kama ilivyo desturi: akatandaza makaa juu ya kifuniko ili uive taratibu. Mara jirani, Bi Tatu, akamwita uani. Kulikuwa na posa iliyokataliwa mtaa wa pili, na habari ya namna hiyo haielezwi nusu. Walipofika pale mama wa kijana alipodai arudishiwe sinia lake, harufu ikawafikia.

Saumu akakimbia. Wali chini mweusi, juu unanuka moshi, na mchele mwingine hakuna. Akapakua kwa aibu, akaupeleka barazani. Akamkuta mzee ameshanawa mikono.

Mzee akala. Akamaliza sahani, akaomba ukoko, akawa anautafuna kama anayevunja vigae, machozi yanamtoka.

"Baba, usijilazimishe," Saumu akasema. "Wali umeungua."

"Nani kakwambia? Huu ndio wa mama yako."

"Kwani mama alikuwa akiunguza?"

"Kila siku ya Mungu. Akishapalia tu, yuko uani na Bi Tatu. Mwaka wa kwanza nilimwambia. Akanijibu, 'Mume wangu, ungekuwa na maneno matamu kama jirani, ningekaa nawe hapa jikoni.' Nikaona bora nile."

"Mbona sisi hatukujua?"

"Mngejuaje, nanyi mmeula tangu mlipoota meno? Wali wa mama hauungui, mwanangu. Niongeze."

Saumu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akachukua tonge moja kwenye sahani ya baba yake, akaonja. Akakaa chini pale pale, akamlilia mama yake kama siku ya kwanza, huku anatafuna.

Kesho yake alipalia makaa, akabeba kigoda hadi uani, akaita, "Bi Tatu, njoo tuzungumze, baba ana njaa."

Basi mkimsikia mtu anasifu mapishi ya mama yake aliyelala kaburini, msimuulize chumvi ilikuwaje. Mama yangu mimi alipika bokoboko akaliita wali, na leo ningetembea kwa miguu siku nzima nilipate sahani moja. Wali wa mama hauungui.