Kwa Nini Digidigi Hakuuliza

Mko macho, wenzangu?
— Tuko macho!
Niseme?
— Sema tusikie!

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na hospitali yao msituni. Wauguzi walikuwa Digidigi, Kanga na mkubwa wao, Nyegere. Dawa yao ya homa ilikuwa ya mizizi, tena kali: kikombe kimoja kinaponya, viwili vinakata pumzi. Ndiyo maana kila wakipokezana zamu, anayeingia humwuliza anayetoka mbele ya kila mgonjwa, "Huyu ameshakunywa?"

Digidigi alikuwa mpole, na hofu yake ilikuwa moja tu: asije akaua mgonjwa. Lakini Nyegere, lo! Ulimi ule! Mimi hata kumsimulia ananichosha.

Siku ya kwanza Digidigi akasimama mbele ya Pofu. "Dada Nyegere, huyu ameshakunywa?"

"We miguu njiti, macho yote hayo ni ya nini? Ameshakunywa!"

Wagonjwa wakacheka. Digidigi akaendelea na kazi.

Siku ya pili akasimama mbele ya Ngiri. "Dada Nyegere, huyu ameshakunywa?"

"Maswali, maswali! Uuguzi ulisomea wapi, kichakani? Hajanywa! Mpe, uniondokee!"

Digidigi akampa, kisha akaenda kulia nyuma ya jiko. Kanga akamfuata. "Mvumilie tu, ndivyo alivyo."

Ndivyo alivyo! Neno hilo linaniudhi kuliko matusi yenyewe.

Siku ya tatu akasimama mbele ya mtoto wa Kima, anayetetemeka kwa homa. Mama yake ameenda kuteka maji. Digidigi akafungua mdomo, akamwona Nyegere keshakunja uso. Akaufunga. Akamimina dawa, mtoto akanywa. Kumbe hicho kilikuwa kikombe cha pili!

Mtoto akalegea, macho yakageuka. Digidigi akapiga ukelele, Kanga akaja mbio, wakamtapisha, wakampepea, hata pumzi ikarudi kwa taabu.

Nyegere akafoka, "Mjinga we! Kwa nini hukuuliza?"

Jamani! Eti kwa nini!

Mama Kima alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wake. Akasema, "Aulize tena? Tangu juzi nakusikia. Kila akiuliza unamvua nguo mbele yetu, na sisi tunacheka."

Digidigi akavua aproni, akaenda zake. Kanga naye akavua ya kwake.

Zamu zote zikawa za Nyegere. Akakimbia huku, akakimbia kule, hata akasimama mbele ya Pofu na kikombe mkononi, asikumbuke.

"Huyu ameshakunywa?"

Hakuna mwenzake wa kumjibu. Pofu akakitazama kikombe, akainuka na homa yake, akajiendea nyumbani. Wengine wakamfuata.

Basi, wenzangu, ukimdharau mwenzako kazini unamfunga mdomo, na anayeumia ni mgonjwa aliyewategemea nyote wawili.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka ajitwike, aende nayo kazini kwake.