Mpira wa Kwanza wa Msimu

Anayesikiliza aseme naam, na anayesinzia aamshwe na jirani yake, maana mwisho wa hadithi hii mtaulizwa.

Palikuwa na mji wa Sirikwet, mji wa mashamba ya chai, na watu wake walipenda mpira wa magongo. Timu zilikuwa nne: Stesheni, Majani, Soko na Bondeni. Uwanja ulikuwa mmoja, umezungushiwa mstari mweupe, na sheria yake haikubadilika: mchezaji huvuka mstari, mshabiki havuki.

Majani ilikuwa na mashabiki watatu wasiokosa mechi. Salina, karani wa kupima majani ya chai, alijaliwa kumbukumbu. Ukimtajia mwaka, alikutajia mechi, mfungaji na kama mvua ilinyesha. Mudanya, kinyozi, alijaliwa ulimi. Walikuwapo waliokwenda kwake kunyolewa ilhali walikuwa wamenyolewa juzi. Fundi Balbir, seremala, alijaliwa mikono. Gongo lililovunjika liliingia kwake vipande viwili na kutoka kimoja, na mwenyewe asijue tena lilivunjikia wapi.

Msimu ulipokuwa umelala, Salina alipita uwanjani kila asubuhi akienda kazini. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya nyasi. Alisimama kwenye mstari akatazama mechi ambayo haikuwapo. Ilikuwa mbili kwa mbili, zimebaki dakika tano, na hakuna mtu aliyeondoka. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya asimame muda mrefu. Kwa miaka kumi na mmoja Stesheni ndiyo ilikuwa bingwa, na watu walianza kwenda makwao kabla ya mapumziko.

Sababu ilijulikana. Kabla ya kila msimu, wachezaji wapya kumi na sita waliomaliza shule waliweka magongo yao katikati ya uwanja. Manahodha walichagua magongo, na ukichagua gongo umempata mwenyewe. Bingwa alichagua manne ya kwanza. Wengine waligawana yaliyobaki. Basi mwenye nguvu aliongezewa nguvu, na mwaka ule nahodha wa Majani alisema, "Tukipewa masazo tena, tunavunja timu."

Bi Nafuna, mwenyekiti wa chama cha magongo, aliwaita mashabiki wote. "Mimi nimechoka kuandika kumi na moja kwa bila," alisema. "Mshabiki atakayetuletea msimu wa haki atavuka mstari huu na kupiga mpira wa kwanza. Mmoja tu. Mpira wa kwanza haupigwi mara mbili."

Salina aliutazama mstari mweupe. Alikuwa amesimama nje ya mstari ule tangu akiwa msichana. Alijua idadi ya hatua kutoka pale hadi katikati, kwa macho. Kwa miguu hakujua.

Siku ya pili alimfuata Bi Nafuna nyumbani.

"Magongo yalikuwa yakifungwa magunia," alisema. "Hakuna aliyejua anachagua la nani. Mwaka wa mvua kubwa magunia yalilowa, wakachagua bila kufunga. Mwaka uliofuata hakuna aliyekumbuka magunia."

"Una ushahidi, mama?"

"Kitabu cha mikutano chenye jalada la kijani. Ukurasa una doa la chai."

Kitabu kilitafutwa, kikapatikana chini ya nyavu za goli. Doa lilikuwapo, na sheria ilikuwapo. Bi Nafuna aliisoma mara mbili. "Kitabu kimesema," alisema, "lakini mazoea ya miaka yote hii nayo yanasema. Bingwa akikataa, sina la kufanya."

Habari ya kitabu ilienea mjini. Odera, nahodha wa Stesheni, alikuwa akinyolewa kwa Mudanya. Ijumaa hiyo aliketi kitini, akafungwa shuka shingoni. Mudanya alinyoa upande mmoja, akasimama na wembe mkononi.

"Nahodha, mwaka jana mlitufunga mangapi?"

"Tisa. Au kumi."

"Kumi na moja. La nne alifunga nani?"

Odera alitazama kioo. "Wewe unaninyoa au unanihoji?"

"Sisi tulifunga moja tu msimu mzima. Nikusimulie?" Akasimulia: mpira ulivyotoka kwa kipa, ulivyopita katikati ya miguu ya watu wawili, ulivyogonga mwamba na kuingia, na mzee wa posta alivyotupa kofia yake isionekane tena. Wateja waliokuwa kwenye foleni waliacha kuzungumza. Mudanya alimaliza, akapangusa wembe. "Ndugu yangu, una vikombe kumi na kimoja na huna hadithi hata moja."

"Malizia kichwa," Odera alisema.

Kichwa kilimalizwa. Odera aliposimama alisema, "Nakubali magunia yarudi. Kwa sharti. Gunia halinifichi kitu. Gongo zuri nalijua kwa kulinyanyua tu. Nikilitambua hata moja, tunarudi tulikokuwa."

Magongo kumi na sita yakapelekwa kwa Fundi Balbir. Alifunga karakana kwa siku tatu. Gongo zito alilipunguza kwa randa, jepesi aliliongezea kipande cha chuma ndani ya mpini. Yaliyochomwa majina aliyapiga msasa, maana kidole gumba husoma hata kwenye giza. Kisha akayazungushia yote kitambaa cha aina moja. Mkewe alichungulia akauliza kama atakula. "Ngoja," alijibu. "Hawa kumi na watano tayari ni ndugu. Huyu bado ni jirani."

Siku ya kuchagua, kila gongo likiwa ndani ya gunia lake, Odera alinyanyua la kwanza. Alifumba macho, akalipima, akalirudisha. Alinyanyua la pili. Alifika la kumi na sita, akarudi la kwanza. Uwanja mzima ulimsubiri.

"Sijui," alisema.

Watu wa Soko walishangilia kama wamefunga goli.

Manahodha walichagua kwa zamu, manne manne, magunia yakafunguliwa, na kila gongo likafungwa utepe wa timu iliyolichagua. Ndipo Bi Nafuna alipowaita wachezaji wapya waje kila mmoja aoneshe gongo lake. Walikuja. Waliyatazama magongo, wakatazamana.

"Fundi," Bi Nafuna aliita, "hukuweka alama yoyote? Hata ndani?"

Fundi Balbir alishika ndevu zake. "Mliniambia nifiche. Nimeficha."

"Hata wewe hujui?"

"Nikijua mimi, si mtu mmoja anajua?"

Kicheko kilianzia upande wa Bondeni kikazunguka mstari wote. Mudanya alilia kwa kucheka. "Fundi, umeficha mpaka umepoteza!"

Palikuwa na mpira kwenye nyasi. Mchezaji mmoja alichukua gongo lolote akaugusa, akatikisa kichwa, akampa mwenzake gongo na mpira pamoja. Mwenzake aliugusa, akatoa pasi. Bila amri ya mtu, wote kumi na sita wakaanza kucheza, wakibadilishana magongo, kila mmoja akisubiri kiganja chake kimwambie. Kwa saa nzima uwanja haukuwa na timu. Mpira ulikwenda kwa kila mtu, na hakuna aliyetaka kuuchukua akae nao. Jua lilikuwa jepesi, na waliokuwa kwenye mstari hawakupiga kelele. Salina alisahau kuhesabu. Mmoja baada ya mwingine, wachezaji walisimama na kusema, "Hili." Kama wote walisema kweli, hakuna ajuaye.

Hivyo timu zikapatikana, na Majani haikuvunjwa.

Jumamosi ya kufungua msimu, watu walijaa mapema. Safari hii hata mashabiki wa Stesheni walikuwa na wasiwasi, na walionekana kuufurahia. Bi Nafuna alisimama katikati, mpira miguuni, gongo mkononi. Mashabiki watatu walisimama kwenye mstari mweupe.

"Bila Salina," mtu alipaza sauti, "kitabu kingeoza chini ya nyavu!"

"Bila Mudanya, kingebaki kitabu!" mwingine alijibu.

"Bila Fundi, Odera angelitambua gongo la kwanza na sote tungelala nyumbani!"

"Na Odera je? Si angeweza kukataa?"

Odera alitikisa kichwa. "Mimi nyasi hizi nimezikanyaga vya kutosha."

Mudanya alikohoa. "Kabla hamjanipa, niseme. Goli lile nililomsimulia nahodha sikuliona. Nilikuwa nimekwenda kununua mahindi. Aliyenisimulia ni Salina."

"Na mimi," alisema Fundi Balbir, "ile saa moja mnayoisifu ilikuwa kosa langu."

Watu wakamgeukia Salina. Sasa kazi ilikuwa nyepesi. Angenyamaza tu, gongo lingekuwa lake, kwa maana alichokuwa nacho hakuna mwingine aliyekikumbuka. Alitazama nyasi. Zilikuwa hatua chache kuliko alivyodhani.

"Mwaka wa mvua kubwa," alisema, "bingwa alikuwa Majani. Tulichagua bila magunia, tukachukua manne ya kwanza. Nilikuwa hapa hapa, nikaona, nikanyamaza kwa sababu ilitufaa. Stesheni ilipotushinda na kuanza kuchagua kwanza, nikaona haya kusema. Nimenyamaza miaka yote hii."

Mwamuzi alitazama saa yake. Bi Nafuna alinyoosha gongo mbele, bila kumwelekea yeyote kati ya wale watatu.

Nanyi mliosema naam, sasa semeni zaidi. Mmoja alikumbuka, lakini alichelewa. Mmoja alishawishi, lakini kwa macho ya mwenzake. Mmoja alificha hata akapitiliza. Timu zinangoja, na mpira wa kwanza haupigwi mara mbili. Je, wewe ungemkabidhi nani gongo lile?