Vidole Vinane vya Gwakisa

Sogeeni, mkubwa na mdogo, lakini asije mtu na jibu mfukoni. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara hutokea mmoja akasema ni rahisi. Huyo namwacha aseme yake mpaka amalize, halafu namgeuzia swali la mwisho. Sijamsikia akisema tena kwamba ni rahisi.

Walikuwepo watu watatu pale Tukuyu. Lugano alikuwa mwashi, na kipawa chake kilikuwa usawa: akikanyaga sakafu, alijua kwa nyayo upande ulioinama. Bupe alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, na kipawa chake kilikuwa jicho: tofauti ya unene wa uzi haikumpita. Subilaga alikuwa seremala, na kipawa chake, kama tutakiita kipawa, kilikuwa kumbukumbu. Kuna jambo alilifanya miaka miwili nyuma, na hakuweza kulisahau hata alipotaka.

Jambo lenyewe ni hili. Msumeno wa zamani katika karakana ya rafiki yake Gwakisa ulikuwa na kisu cha nyuma, yaani chuma bapa kinachosimama nyuma ya meno ili mbao inayopasuliwa isijifunge na kuyabana. Subilaga alikitoa kwa sababu kilimzuia kuchonga mfereji kwenye ubao. Alisema atakirudisha akishakunywa chai, na hakukirudisha. Kesho yake mbao ilibana meno, ikarushwa nyuma, ikauvuta mkono wa kushoto wa Gwakisa. Vidole viwili vilibaki juu ya meza.

Sasa Gwakisa akaleta msumeno mpya wa meza, ungali ndani ya sanduku lake. Kabla sanduku halijafunguliwa, mkewe Atupele, tumbo la miezi minane, alikuja akasimama mlangoni.

"Niliolewa na mtu wa vidole kumi," alisema. "Sasa ana vinane. Mimi sitaki kuhesabu tena, Gwakisa."

"Safari hii msumeno utafungwa sawasawa, mama," Gwakisa alimjibu.

"Basi nasema mbele ya wote. Mtu ambaye kazi yake itakurudisha nyumbani na vidole vyako vinane, mtoto huyu ataitwa jina lake. Awe wa kike, awe wa kiume. Jina moja, la mtu mmoja."

Gwakisa akaapa naye. Wala hakuna aliyeona tatizo, maana kwa Wanyakyusa majina kama Lugano, Bupe na Subilaga huvaliwa na wanaume na wanawake pia.

Lugano ndiye aliyeanza. Alijaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akashika ncha moja kona hii, na nyingine akaipeleka kona ile. Kona ya dirishani ilikuwa chini kwa unene wa kidole.

"Tuweke kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, tuendelee," Gwakisa alisema.

"Kitalegea kwa mtetemo. Kikilegea, meza itacheza, na lolote mtakalonyoosha huko juu litapinda," Lugano akajibu. Akaibomoa sakafu pale pale, akamwaga zege upya, na kwa siku saba hakuruhusu mtu kuikanyaga. Alikuwa akija asubuhi na jioni kuimwagia maji. Walimtania kwamba anaatamia mayai. Siku ya nane meza ilisimamishwa, wakaisukuma kwa mabega, nayo haikutikisika.

Wa pili alikuwa Bupe, ambaye kibanda chake kilipakana na karakana. Aliwakuta wanaume wakinyoosha gurudumu la meno: walipima umbali kutoka kwenye mfereji uliochongwa juu ya meza hadi kwenye jino la mbele, kisha hadi kwenye jino la nyuma. Vipimo vilipishana, wakalegeza nati, wakagonga, wakapima tena, vikapishana tena. Walikuwa na jasho na hasira tangu saa mbili.

"Samahani, wanangu," alisema Bupe. "Mbona mnapima meno mawili? Yakiwa yenyewe hayalingani?"

Bupe akatoa chaki yake ya kushonea, akatia alama kwenye jino moja. Akalipima likiwa mbele, akalizungusha taratibu kwa mkono mpaka nyuma, akalipima lile lile. Nyuma palizidi kwa unene wa kitambaa cha kanga. Wakalegeza nati, wakagonga kwa nyundo ya mti, naye akipima kwa kipande cha kanga, mpaka mbele na nyuma vikawa sawa. Halafu akawafanyisha hivyo hivyo kwa reli inayoongoza mbao. Cherehani yake ilishinda kimya siku ile, na sare za watoto wa shule zilimngoja.

Wa tatu alikuwa Subilaga. Kisu cha nyuma kilikuwa chini kabisa ya sanduku, kimefungwa karatasi yenye mafuta. Gwakisa alisema kwanza waone kama mashine inakata, kisu kitafuata baadaye.

"Hapana," Subilaga alisema. "Hiyo baadaye mimi naijua."

Alikifunga, akaweka rula ubavuni mwa meno na ubavuni mwa kisu, akalegeza, akakaza, mpaka vyote vikawa mstari mmoja. Kisha akafanya jambo lililowakasirisha wenzake. Ile spana moja iliyoingia kwenye nati ya kisu, aliichukua akaenda kuitupa chooni. Aliporudi alisema, "Sasa hata mimi siwezi kukitoa."

Wakapasua kipande cha majaribio, wakageuza nusu moja juu chini, wakaziunganisha mbele ya dirisha. Mwanga haukupita katikati: mpasuo ulikuwa umenyooka. Gwakisa akachukua ubao wa mninga kutoka Chunya, mkavu kwa kuutazama, lakini ndani mbichi. Alifika katikati ya mpasuo, ubao ukaanza kujifunga. Mashine ilinguruma, mkono wake wenye vidole vitatu ukiwa shibiri moja kutoka kwenye meno. Ubao ukakibana kisu, ukakwama hapo hapo. Gwakisa akazima, akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akalia mbele ya watu.

Alipoweza kusema, alisema hivi, na yeye ndiye ajuaye: "Meza ingecheza, ningeteleza. Meno yangekaa upande, ubao ungepanda juu tangu mwanzo. Kisu kisingekuwepo, ungenirudia kama ule wa kwanza. Kingepungua kimoja tu, mkono huu sina."

Wiki ya tatu mtoto akazaliwa, msichana. Hapo ndipo furaha ilipoharibika.

Lugano alisema, "Mimi nilianza, na juu ya kazi yangu ndipo hizo nyingine zilikaa. Lakini watu hawaioni sakafu mpaka ipasuke." Alisema kwa upole, ila tangu siku ile hapiti tena karakana.

Bupe hakudai chochote. Alileta gauni dogo alilolishona, akakaa kitako, akasema tu, "Wanangu wawili niliwazika bado wachanga. Nikifa, hakuna wa kuitwa mimi." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaondoka.

Subilaga alibaki nje ya mlango. "Siombi zawadi," alisema. "Nauliza tu kama nimesamehewa. Mkimwita jina langu nitajua. Msipomwita, nitajua pia."

"Shemeji," Atupele alimjibu, "kila nitakapomwita mwanangu kula, niliite jina la aliyemkata baba yake vidole?"

"Ni yeye aliyenikatalia ile 'baadaye' yangu," Gwakisa alisema polepole. "Wewe ulisema kazi itakayonirudisha. Hukusema mtu asiye na kosa."

Wakaacha kusemeshana, mume na mke. Msumeno ulionyooshwa kuliko mingine yote mjini sasa umefunikwa turubai, maana hakuna hata mmoja wa wale watatu anayetaka kuwakuta wenzake pale.

Najua mnachotaka kusema. Apewe yote matatu? Waliapa jina moja. Apewe la bibi yake, yaishe? Basi wamwambie nani kati ya wale watatu kwamba kiapo kile kilikuwa maneno tu?

Kila nikisimulia, naishia hapa: kesho ni ubatizo. Mtoto ana wiki nne, na mama yake bado anamwita "wewe". Mchungaji atamchukua mikononi, atamtazama Gwakisa, atauliza jina, na nyuma yao watakuwa wamekaa watu watatu, kila mmoja benchi lake.

Wewe uliyesema ni rahisi, simama hapo atakaposimama Gwakisa. Unataja jina gani, na hao wawili waliobaki utawatazamaje?