Nafasi Moja na Rundo la Viatu

Sogeeni karibu, na mwenye ulimi asiumeze. Hadithi hii nitaianza mimi, kuimaliza ni juu yenu.

Katika mji wa Nambingu walikuwako vijana watatu, na wote walitaka kazi moja, uaskari wa mji.

Wa kwanza aliitwa Tusekile, binti wa mshona magunia. Huyu alijaliwa akili. Ukianza kumweleza jambo, yeye keshafika mwisho na anakusubiri. Watu walimheshimu, ila walichoka upesi kukaa naye.

Wa pili aliitwa Mhagama, mfyatua matofali. Huyu alijaliwa kusimama. Msicheke. Ukimwambia Mhagama, "Nishikie hapa," utakwenda shamba, utalima, utarudi, utamkuta kashika.

Wa tatu aliitwa Shomvi, muuza kahawa. Huyu alijaliwa watu. Barua ya mistari mitatu ilimtoa jasho, lakini ukipanga naye foleni ya maji, kabla ndoo yako haijajaa utakuwa umemweleza hata yale uliyomficha mkeo.

Mwenye kazi ya kuchagua alikuwa Sajini Kihwelo. Mwaka ule nafasi zote zilikwisha kujazwa, ikabaki moja. Na kanuni ya makao makuu ilikuwa hivi: mtihani wa kuandika una mstari wa chini na mstari wa juu. Asiyeufikia wa chini harudi, maana atashindwa kazi. Anayeupita wa juu naye harudi, maana atachoshwa na lindo na ataacha kazi kabla sare haijapauka. Kihwelo hakuitunga kanuni hiyo, lakini aliishika kama alivyoshika kila alichopewa.

Siku moja kabla ya mbio za usaili alisahihisha majibu. Mhagama alikuwa katikati. Shomvi alikuwa chini ya mstari wa chini. Tusekile alikuwa juu ya mstari wa juu, tena alikuwa amerekebisha swali moja lililotungwa vibaya. Sajini akalisoma lile swali, akaona binti kasema kweli, akaudhika. Aliamua matokeo atayatangaza baada ya mbio.

Sasa, Sajini Kihwelo alikuwa na desturi yake. Kabla ya mbio, kila mtu avue viatu. Mwaka fulani kijana mwenye raba za dukani alimshinda mwenye pumzi, na jambo hilo lilimkereketa hadi leo. Hata yeye mwenyewe alivua buti zake, ili watu wasiseme. Vyote vikarundikwa kwenye nguzo ya goli: raba, yeboyebo, katambuga, na mokasini ambazo shemeji ya mtu alifungia ndoa. Nusu ya rundo lile ilikuwa ya kuazima.

Askari wote walikwisha kupangwa njiani, kona hadi kona, ili asipatikane wa kukata njia. Tusekile akanyoosha mkono.

"Samahani, afande. Viatu analinda nani?"

"Binti, hapa hatuulizi. Tunakimbia."

Akapuliza filimbi, wakaondoka.

Waliporudi, jasho likiwatiririka, walikuta nguzo ya goli na nyasi zilizolala. Viatu havipo. Buti za sajini hazipo. Watu walitazamana miguu. Na alasiri ile mkubwa wa Kihwelo alikuwa anakuja kukagua. Mkuu wa usaili kaibiwa buti katikati ya usaili wa askari. Kicheko hicho kingemfuata hadi kaburini, na alilijua hilo.

Ndipo akasema neno ambalo mtu mwenye viatu asingelisema.

"Atakayerudisha viatu hivi kabla mkubwa hajafika, nafasi iliyobaki ni yake. Nimesema mbele ya watu."

Uwanja ukatawanyika. Kila mtu akakimbilia upande wake, wengine sokoni, wengine vichochoroni, wakachomwa miiba bure.

Tusekile hakukimbia. Aliketi chini, akafikiri. Rundo lile halibebeki begani, kwa hiyo limekwenda na mkokoteni. Mjini haliuziki, maana kila kiatu kina mwenyewe na kila mwenyewe ana ndugu watatu watakaokitambua. Leo ni siku ya gulio ng'ambo ya mto. Basi mwizi anakwenda gulioni, na mkokoteni hauna pa kuvukia isipokuwa daraja la mbao. Njia ya mkokoteni inazunguka. Njia ya miguu inakatiza kwenye matanuri ya matofali. Akawaeleza waliokuwa karibu. Waliomsikiliza hadi mwisho walikuwa wawili, Mhagama na Shomvi. "Mhagama, wewe una mbio," akasema. "Simama katikati ya daraja. Asipite mtu."

Mhagama akakatiza matanurini, juu ya vipande vya matofali, bila kiatu. Alifika darajani nyayo zinavuja damu, akasimama. Wakaja wanaume wawili na mkokoteni uliofunikwa turubai. Wakamwambia apishe, hakupisha. Wakamtukana, akawatazama. Wakamsukumia mkokoteni hadi ukamgota miguuni, akaushika kwa mikono miwili. Mmoja akachomoa panga. Mhagama aliogopa, wala hakuona haya kusema baadaye kwamba aliogopa, lakini miguu yake haikuondoka. Mwenye panga akasema, "Basi tunavimwaga mtoni, tukose wote," na wakaanza kuuinua mkokoteni ubavuni.

Shomvi akafika akihema. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ndugu Kalembo, mzazi anaendeleaje?" Mwenye panga akageuka. Asubuhi ile ile walikunywa kahawa pamoja pale uwanjani, na Kalembo alimweleza kwamba mkewe amejifungua. "Anaendelea," akajibu, maana swali kama hilo halikosi jibu. Shomvi akasogea. "Kaka, wewe umeiba viatu vya watu gani, umejiuliza? Vya watu wanaochaguliwa kwa mbio. Na wote wanakuja huku." Kalembo akatazama nyuma, akatazama mto, akamtazama mwenzake. "Tugeuzeni sote," Shomvi akasema. "Mkivirudisha kwa mikono yenu, nitasimama kati yenu na kipigo." Panga likashuka. Mkokoteni ukageuzwa, ukasukumwa na wezi wenyewe.

Buti zilirudi miguuni mwa Sajini Kihwelo jua likiwa bado juu. Wezi walipelekwa mahabusu bila kuguswa, kwa sababu Shomvi alisimama pale aliposema atasimama. Uwanja mzima ukawa unacheka na kufunga kamba.

Kihwelo hakucheka. Mbele yake walisimama watatu, na nafasi ilikuwa moja.

Akaanza na Mhagama, kwa kuwa huyo kanuni ilimkubali. "Pale darajani, hakupita mtu yeyote?"

"Hakupita, afande. Mama mmoja alikuja na mtoto mgonjwa mgongoni, anamkimbiza zahanati. Naye nilimzuia."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa asipite mtu."

Yule mama alipita baadaye, na mtoto alipata dawa.

Akamgeukia Shomvi. "Wale watu walijuaje kwamba askari wangu wote watakuwa njiani?"

Shomvi akainamisha kichwa. "Mimi niliwaambia, afande. Waliniuliza kwa upole, nami nikawaeleza tutapita wapi na tutarudi saa ngapi."

"Nikikutaka uniandikie taarifa ya siku ya leo?"

"Ningemsimulia mtu aandike. Kusoma nitafundishwa, afande. Yale ya darajani ungemfundisha nani?"

Akamgeukia Tusekile, na hapo sauti yake ilipungua. "Wewe ulijua viatu vitaibwa."

"Nilijua."

"Mbona hukusisitiza?"

"Nilikwisha kuuliza mara moja, afande. Ukanijibu. Nikasema moyoni, acha ajionee."

Neno lile lilimwingia Kihwelo, kwa sababu alilistahili. "Nikikuweka kwenye lindo la lango mwaka mzima, utakaa?"

"Nitakaa. Ila siku ya pili nitakuuliza kwa nini lango lile liko pale."

Watu wakacheka tena. Sajini hakujua kama jibu lile lilikuwa la kumpa kazi au la kumnyima.

Bila Tusekile, hakuna ambaye angekwenda darajani. Bila Mhagama, viatu vingekwisha vuka mto. Bila Shomvi, vingekuwa ndani ya mto, na Mhagama pengine pamoja navyo. Akimchukua Mhagama, kanuni itatulia na wawili watasema sajini alitumia mdomo wake kama ndoano. Akimchukua Tusekile au Shomvi, atamweleza nini mkubwa wake? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini makao makuu walitaka za urefu mmoja.

Gari la mkubwa likaingia uwanjani. Mlango ukafunguliwa. Mkubwa akashuka, akazitazama buti za sajini zilizojaa vumbi, akawatazama wale watatu.

"Kihwelo, nafasi ya mwisho umempa nani?"

Sajini Kihwelo akafungua kinywa.

Nami nafunga changu hapa hapa. Najua mmekwisha kupata vipenzi vyenu, nawaona machoni. Lakini msiniambie nani amewafurahisha. Kesho kuna hodi mlangoni pako, umeibiwa, unatetemeka, na askari anayekuja ni huyo huyo uliyemchagua leo, pamoja na kipawa chake na kasoro yake. Keshokutwa huyo huyo ndiye anayesimama darajani, na safari hii mwenye mtoto mgongoni ni wewe.

Je, wewe ungemtaja nani?