Kompyuta Inayoonyesha Wakubwa Tu

Wenye masikio, mpo?
— Tupo, na tumeyasafisha.
Ngano ninayo. Niitoe, au niirudishe kabatini?
— Itoe, tuione rangi yake.

Haya. Hapo zamani, zamani isiyo mbali sana kwa kuwa umeme ulikuwa umeshafika, Pimbi aliishi na wanawe wawili juu ya jiwe. Bondeni, mtoni, aliishi Kiboko. Njia ya kuteka maji ilipita mlangoni kwa Kiboko, kwa hiyo Kiboko hakunyimwa kitu.

Kiboko alikuwa na mali nyingi, na mali zote zilikuwa za watu. Siku moja alikuja kwa Pimbi, pwata, pwata, pwata, akaona pasi.

"Naazima tu, jirani. Kesho nairudisha."

Pasi ikaenda. Akaja tena, pwata, pwata, pwata, akaona redio.

"Naazima tu, jirani. Kesho nairudisha."

Redio ikaenda. Kesho ya Kiboko haijafika mpaka leo.

Sasa, wale wana wa Pimbi walisoma shule yenye kompyuta moja kwa watoto ishirini. Wenye pembe walikaa mbele, wadogo wakasukumwa nyuma, wakarudi nyumbani hawakuona kitu. Moyo ukamuuma mama yao. Akajinyima mwaka mzima, kisha akaenda dukani kwa Tumbili kununua kompyuta ya nyumbani.

Kiboko akafuatana naye, eti amsaidie kuchagua. Njia nzima alimshauri achukue kompyuta mpakato. Ni nyepesi, alisema, inakunjwa kama daftari, haina waya wa kujikwaa, umeme ukikatika inaendelea. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Ila pale dukani, huku akiisifu, aliinua ile mpakato akaijaribu kwapani kama inaenea.

Pimbi akaliona lile kwapa. Akamvuta Tumbili pembeni, akamuuliza masomo ya watoto yanakaa sehemu gani ya kompyuta. Tumbili hakumcheka. Alimweleza polepole, mara mbili, kwamba kwenye mpakato akili na uso vimo pamoja, anayeibeba kabeba vyote. Ya mezani akili yake imo ndani ya sanduku. Kioo ni uso tu, na hata televisheni yaweza kuwa uso.

"Nipe ya mezani," akasema Pimbi.

Kiboko alicheka mpaka mbu waliomtua wakaruka. Akatangaza dukani kwamba kamtu kadogo kananunua mzigo.

Kobe ndiye aliyeibeba mgongoni hadi juu ya jiwe, hatua kwa hatua, isije ikatikisika, na hakutaka hata ahsante. Njiwa akafuma kitambaa cheupe cha kuikinga vumbi. Wiki nzima watoto walisoma, hakuna wa kuwasukuma.

Mara, pwata, pwata, pwata.

"Naazima tu, jirani. Kesho nairudisha."

Watoto wakaanza kulia. Pimbi akapiga magoti.

"Sawa, jirani, mkubwa hanyimwi. Ila nakuomba, beba hili sanduku, uniachie kioo. Kioo ndicho macho ya wanangu."

Kiboko akalitazama sanduku. Jeusi, liko sakafuni, linanguruma nguru nguru kama tumbo la njaa. Akakitazama kioo. Kipana, kinang'aa, picha zinatembea.

"Pimbi wewe, mimi wa kupewa bati? Kweli akili hufuata umbo."

Akang'oa kioo, chopo, akakitia kwapani pamoja na kitambaa cha Njiwa, akateremka.

Pimbi alilia mpaka Kiboko alipopotea machoni. Kisha akapangusa kamasi, akaenda kwa Kobe. Kobe alikuwa na televisheni yenye ufa pembeni, ndiyo maana Kiboko hakuwahi kuitamani. Kabla Pimbi hajamaliza kueleza, Kobe alikuwa ameshajitwika. Tumbili akapanda jiwe, akachomeka waya mmoja, na masomo yakatokea yote, hata herufi moja haikupungua.

Na Kiboko? Alikichomeka kioo chake kwenye umeme. Kitaa kidogo kikawaka, tii. Kioo kikabaki cheusi. Akasogeza uso aangalie vizuri, akaona kichwa kikubwa, mataya mapana, matundu mawili ya pua kama vinu. Akaridhika kabisa. Akamwita Ngiri aje ashangae.

"Unaona? Ya wakubwa hii. Inaonyesha wakubwa tu."

Ngiri akainama, akatazama.

"Kweli, mzee. Hata mimi nimo."

Tangu hapo wakubwa wote wa bondeni hukaa mbele ya kile kioo, wanapongezana.

Ngano yangu imeiva na imelika. Aliyesinzia ameachiwa sufuria.
— Na aliyekuwa macho?
Aliyekuwa macho achukue funzo. Ukitaka kununua kompyuta ya nyumbani, usimuulize Pimbi. Pimbi kila siku yuko na fundi, leo waya, kesho umeme. Kamuulize Kiboko. Ya kwake haijaharibika hata mara moja.